Mama wa Mashine na Mkono wa Kushoto

Kabla ya kukupa kiti, Mama wa Mashine alikuuliza nani amekutuma. Alimuuliza muuza makaa, alimuuliza bibi arusi aliyekuja kuulizia kadi, alimuuliza hata muuguzi aliyekuja kumpima presha. Mimi siku ya kwanza nilimjibu kwamba sikutumwa na mtu, nimekuja mwenyewe kuona mashine. Akaniangalia viatu, akaangalia mkoba, akaangalia mlango nyuma yangu.

"Mutu hawezi kutoka Buterere mpaka hapa Buyenzi na miguu ju ya kuangalia chuma," akasema. "Sema tu. Uko mutu wa serikali ao uko mutu wa kununua vyuma?"

"Ni mimi tu, Mama. Ninachora."

"Bachoraji pia banatumwaka."

Nilizoeana naye kwa miaka. Nilikula wali wake, nilimsindikiza hospitali, nilimkanda magoti yake kwa mafuta ya karafuu. Hata hivyo sidhani kama aliwahi kukubali kwamba sikutumwa. Nami niseme wazi kwamba sikuwahi kumwamini sawasawa. Tulifanya kazi pamoja kama watu wawili wanaobeba kabati moja kwenye ngazi, kila mmoja akichungulia kama mwenzake ameachia.

Mashine yenyewe ilikuwa barazani kwake, nyuma ya nyumba, katika mtaa huo wa Buyenzi, Bujumbura, imefunikwa turubai lililopauka. Ilikuwa mashine ya chapa ya zamani, ile ya kukanyaga kwa mguu: pedali chini, gurudumu kubwa ubavuni, na vibao viwili vya chuma vinavyofunguka na kufumba kama mdomo. Marehemu mume wake alichapia humo kadi za arusi, risiti za maduka na matangazo ya mpira. Alipofariki, kwa ugonjwa wa sukari, juu ya kitanda chake mwenyewe, mashine ikageuka meza ya sufuria. Kuku walitagia chini yake.

Mimi nilikuwa nimejifunza kuchonga kwa kutazama video kwenye simu. Nilichonga vipande vya lino ile ya kutandika sakafuni, kwa visu nilivyotengeneza kutokana na vyuma vya mwavuli, kisha nikapaka wino na kusugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Weusi haukutoka sawa hata mara moja. Palikuwa na mabaka, na kila baka lilinikosesha raha siku nzima. Sina shule ya sanaa, sina mwalimu, sina mtu wa kunitetea. Niliamini kwamba kosa moja dogo likionekana, watu watasema: kumbe, ndiyo maana. Kwa hiyo niliposikia kuna mashine Buyenzi inalalia mayai, nilikwenda.

Mama wa Mashine alikuwa na sheria zake. Chai hakunywa ila aliyoipika mwenyewe. Ukija na simu aliitia kwenye kopo la sukari na kufunga kifuniko, ndipo mazungumzo yaanze, na mwisho unaondoka na simu inayonata. Ukimwambia "haraka", alikaa chini. Akiitwa na mtu kwa jina barabarani hakugeuka mara ya kwanza. Alingoja mara ya pili ili aisikie sauti vizuri. Majirani walimcheka. Lakini nimewaona majirani haohao wakimwachia funguo zao wanaposafiri.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mashine haitachapa maneno tena. Picha, sawa. Maneno, hata jina la bwana arusi, hata "Karibuni", hapana.

"Neno linageuka likitoka mulangoni," aliniambia. "Munaandika leo salamu, kesho banakuuliza salamu ya nani."

Katika miaka mibaya, ile ya machafuko, mume wake alichapa kadi za timu ya mpira ya mtaa. Mtu mmoja, hakujulikana nani, akaandika kwa kalamu mambo yake ya siasa nyuma ya kadi hizo na kuzisambaza. Mpiga chapa akaitwa kujieleza mara kadhaa. Alirudi salama kila mara, lakini tangu hapo, kabla ya kulala, alikuwa anahesabu karatasi tupu zilizomo ndani, isije ikatoka hata moja. Mkewe alimhesabia upande wa pili wa chumba. Hilo ndilo alilonisimulia. Sikuthibitisha, na kuna siku nilishuku kwamba alilitunga ili nisimwombe kuchapa jina langu chini ya picha.

Usidhani alikuwa fundi wa ajabu aliyejificha. Alikuwa na majivuno mengi, na baadhi ya mambo aliyoyajua hayakuwa kweli. Tulipoanza kuiamsha mashine, alishikilia kwamba kutu huondolewa kwa mawese. Tukapaka mawese. Kutu ikabaki, wakaja sisimizi. Mkwe wake, makanika mwenye gereji mlango wa tatu, akaja na tambara lake na brashi ya waya.

"Mama, iyi mashine unataka itembee ao unataka tuikaange?"

"We tengeneza magari ya batu yanayozimika njiani," akamjibu. "Mashine uniachie mimi."

Ni Mama mwenyewe aliyetuamuru tukaze boliti ya gurudumu. "Kaza! Kaza kama mwanaume!" Makanika akakaza, jino la gia likakatika likaanguka sakafuni. Nililiokota. Mahali lilipokatikia palimetameta kama sarafu mpya.

"Lilikatika zamani," Mama wa Mashine akasema bila kupepesa. "Wakati wa marehemu."

"Mama, ni jipya hili."

"We ulikuwepo wakati wa marehemu?"

Makanika alilichomelea jino lile baada ya kuipasha gia joto kwenye jiko la makaa, kwa sababu chuma cha aina hiyo ukikiunguza ghafla kinapasuka, akaiacha ipoe ndani ya majivu kutwa nzima. Nilikaa karibu na jiko kama mtu anayemngojea mgonjwa. Mama wa Mashine alikuwa mbali, akiswali kwa sauti ndogo, na alipomaliza akaja kutangaza kwamba dua yake ndiyo iliyoshika jino.

Jambo alilolijua kweli ni kupika rola. Rola za kupakia wino zilikuwa zimeliwa na panya, kwa sababu zamani zilitengenezwa kwa gundi ya ngozi na sukari. Alinituma kununua kiberiti. Niliporudi nikakuta kiberiti kingine, kilichokuwepo tangu mwanzo, kwenye sahani, mchanganyiko ulikuwa umekwisha kupikwa, na rola zilikuwa zinagandia kwenye mabomba. Kanuni ya mapishi hayo hakunipa wakati huo. Rola zake zilikuwa nzuri sana, ila jua la Bujumbura likipanda zililegea kama jibini, kwa hiyo tulichapa asubuhi tu. Ilikuwa bahati kwamba mashine haikuhitaji umeme wala mafuta. Mji mzima ulikuwa unapanga mistari kwenye vituo vya mafuta, sisi tulikuwa tunakanyaga.

Wakati wa kuchapa, kabla ya karatasi ya kwanza, alikuwa anatia vipande vya karatasi nyembamba nyuma ya kibao ili mgandamizo ulingane. "Angalia uko," alisema, akinionyesha ukuta. Nikaangalia ukuta. Nyuma yangu nilisikia mkasi, nilisikia kulamba kidole. Nilimshuku. Anaficha nini? Niliporuhusiwa kugeuka na tukachapa ya kwanza, weusi ulitoka mzito, sawasawa kutoka pembe hadi pembe, nami nikashindwa kulalamika.

Lakini nililalamika juu ya mengine yote. Nilikagua kila nakala kwa lenzi. Unywele mmoja wa brashi, chembe ya vumbi, ukingo uliopotoka kidogo, naiweka pembeni, mbaya. Rundo la mbaya lilizidi rundo la nzuri.

"We unatafuta kosa kama mutu anatafuta chawa," alisema. "Na mutu akitafuta chawa anapata."

Sasa nifike kwenye kosa ambalo halikuhitaji lenzi.

Picha yangu kubwa ya kwanza ilikuwa ya mafuriko ya Buterere. Mwanamke amesimama ndani ya maji ya kufika kwenye miundi, anampa jirani sahani ya maharage juu ya ukuta uliobomoka nusu. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo. Niliichonga kwa uangalifu wa kuumiza macho: mkono wa kulia unanyoosha sahani, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama kila mtu hapa alivyofundishwa kutoa kitu kwa heshima. Nilijua kwamba chapa hugeuza. Video zote zinaonya juu ya herufi: uzichonge kinyume. Sikuwa na herufi, kwa hiyo sikuwa na hofu. Hakuna video iliyonionya juu ya mikono, maana wanakozitengeneza mikono yote ni sawa.

Tulichapa rundo zima. Nilikuwa ninatazama maji, ninatazama weusi wa ukuta. Mama wa Mashine ndiye aliyeinua moja, akaisogeza mbali na macho, akaanza kucheka mpaka akashika gurudumu.

"Njoo uone!" akamwita mkwe wake. "Njoo uone mwanamuke mwenye matusi!"

Makanika akaja akifuta mikono. Akatazama. "Aa! Na kushoto? Uyu anamupa jirani chakula ao anatupia umbwa?"

Ndipo nilipoona. Mama yangu, katikati ya maji, akimtukana jirani yake kwa sahani ya maharage. Nakala zote. Nilimwambia Mama wa Mashine azichome zote siku hiyohiyo, nisizione tena.

"Ndiyo," akasema.

"Zote, Mama."

"Nimesema ndiyo."

Nikarudi Buterere nikachonga upya kila kitu, safari hii kinyume. Tukachapa tena asubuhi baada ya asubuhi. Picha ikatoka ilivyopaswa, mkono wa kulia, heshima mahali pake. Nikaandika namba kwa penseli chini ya kila nakala na kutia sahihi. Hilo aliliruhusu kwa shingo upande, kwa kuwa si mashine iliyoandika. Kisha, kama nilivyojifunza, nikachukua msumari ili nilikwaruze lile bamba la lino nililolichonga, lisichape tena.

"Unaua kitu kizima," akasema.

"Hiyo ndiyo maana ya picha halisi, Mama. Watu wajue hakutakuwa na nyingine."

"Mukwaruzo unazuia zinazokuja. Zilizotoka je? Nani anajua zilizotoka?"

"Mimi najua."

Akaanza kufuta gurudumu ambalo lilikuwa safi. Ningepaswa kukushuku kufuta kule. Nilikuwa nashuku kila kitu kingine.

Ukumbi mmoja wa maonyesho mjini ulikuwa umekubali kunitundikia picha. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ninavyoweza kueleza bila aibu. Msimamizi wake, mtu mpole anayevaa miwani kwenye kamba, aliniambia jambo moja tu analolihitaji kwa msanii asiye na cheti: neno lake. "Ukisema nakala ziko hizi, ziwe hizi. Mnunuzi akija kuikuta picha hiyo mahali pengine, mimi na wewe tumekwisha."

Siku chache kabla ya ufunguzi nilikwenda kusukwa kwenye saluni moja pale Buyenzi. Nikakaa kwenye kiti, msusi akanisuka upande mmoja nimeinamisha kichwa, kisha nikainua macho kwenye kioo. Picha yangu ilikuwa mle ndani ya kioo, nyuma ya bega langu. Mwanamke, maji, sahani, mkono wa kulia. Ile nzuri. Nikajua mara moja: Mama wa Mashine amechapa nakala nyingine kabla sijashika msumari. Yote niliyomshuku yalikuwa kweli.

Nikageuka, kichwa changu nusu kimesukwa. Ukutani, mkono ulikuwa wa kushoto.

"Iyo? Alitupa Mama wa Mashine," msusi akasema, akinigeuza shingo. "Alisema tuiweke uko, mbele ya kioo, ili mukono uonekane muzuri. Hata shangazi yangu ana moja. Na ule mama anayemuletea wino kutoka Gatumba, mupakani. Ni yako? Mbona hukutia jina?"

Nilitoka saluni na upande mmoja wa kichwa haujaguswa. Jioni nilimkuta Mama wa Mashine anachambua mchele.

"Ulisema utazichoma."

"Nilisema ndiyo. Ndiyo ilikuwa ya kukunyamazisha. Ulikuwa unatetemeka."

"Kwa nini, Mama? Uliziuza?"

Akaweka ungo chini. Hakukasirika, na hilo lilinitia shaka zaidi. "Weye hujakaa mutaa huu miaka ile. Mutu akichoma karatasi nyingi nyuma ya nyumba ya mupiga chapa, moshi unapita ukuta. Jirani anajiuliza, kuna nini anachoma? Kesho anamuuliza mwingine. Karatasi iliyo kwenye moto ina siri. Ile iko kwa saluni kila mutu anaiona, nani atauliza? Mi nilizitoa muchana, mulango wazi."

"Ziko ngapi?"

"Ju ya nini?"

Nilimweleza. Kutoka saluni nilikuwa nimepita kwanza kwa msimamizi, nikamwambia ukweli. Naye alikuwa mwema. Alisema nakala za kwanza zenye kosa si dhambi, wasanii wengi wanazo; zinaitwa hali ya kwanza, nazo zinahesabiwa. Anachohitaji ni idadi yake, na ziko kwa nani, ili iandikwe pamoja na zile nzuri.

Nilipotamka "ziko kwa nani", uso wa Mama wa Mashine ulifungwa.

"Mwanaume nisiyemujua anataka hesabu ya karatasi ziko kwa nyumba za batu. Na majina."

"Ni picha, Mama! Ni kwa ajili yangu!"

"Anakuambia ni kwa ajili yako. Apana."

Nikapita mwenyewe nyumba kwa nyumba. Msusi alisema hakumbuki shangazi yake anakaa wapi. Shangazi, nilipompata, alisema picha hana, na msumari ulikuwa mtupu ukutani na alama yake nyeupe ya mstatili. Mwingine aliniuliza kama picha imepanda bei ndiyo maana naifuata. Makanika alicheka. "Bakisikia kuna mutu anahesabu, banaficha. We pia ungeficha."

Ningeweza kubuni idadi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikubuni. Sidhani ni uaminifu. Nadhani ni ule ugonjwa wangu tu, kwamba namba isiyo sahihi ingeniwasha kama unywele ndani ya wino. Nilimwandikia msimamizi kwamba sijui. Akanijibu kwa upole kwamba basi picha ya mafuriko haiwezi kutundikwa mwaka huo. Bila ile hapakuwa na onyesho.

Nilikaa miezi bila kukanyaga Buyenzi. Nilikuwa na nadharia zangu: kwamba aliziuza Kongo, kwamba alitaka nisijulikane ili nibaki kumzungushia mashine, kwamba alinionea wivu. Nilizipanga na kuzipangua. Halafu makanika akanipigia simu: rola zimeyeyuka, na Mama amehamia Kibenga kwa binti yake, miguu haimbebi tena. Mashine imehamishiwa gerejini, kama naitaka.

Niliitaka. Lakini kwanza nilikwenda Kibenga.

Nyumba ya binti yake ina vigae na mapazia mazito, na upepo wa ziwa unaingia mpaka sebuleni. Mama wa Mashine alikuwa ameketishwa kwenye kochi kubwa mno kwake. Mbele yake kulikuwa na chai, hajaigusa. Amekonda. Nilimsalimia, nikampa karanga nilizomletea, nikishika kiwiko. Akazipokea vilevile.

"Mashine inakanyagwa?" akauliza.

"Nitaikanyaga. Rola zimekufa."

"Umeziacha kwa jua."

"Sikuwepo, Mama."

"Ndiyo nasema."

Nikakaa karibu naye. Nilimwambia kwamba msimamizi wa ukumbi ameniandikia tena. Kuna onyesho jipya, kubwa zaidi, nafasi yangu ipo, na swali lake ni lilelile. Sikumwomba kitu. Nilikuwa nimechoka kumwomba.

Alimwita binti yake akamtuma jikoni kutafuta ndimu. Akamwambia msichana wa kazi aende kumsaidia. Akatazama dirisha, akaniashiria nilifunge, nikalifunga. Kisha akanivuta kwa mkono mpaka sikio langu likawa mdomoni pake. Alinipa kwanza kanuni ya rola, gundi kiasi gani kwa sukari kiasi gani. Halafu akanitajia idadi, na baada ya idadi, mmoja mmoja, majina ya wanawake.

Nilingoja aniambie nisiyaseme kwa mtu. Hakusema. Aliegemea kochi, akafumba macho, na binti yake akarudi na ndimu.

Sijui kama ile idadi ni ya kweli. Kwa jinsi ninavyomfahamu, huenda aliongeza, huenda alipunguza. Nilipofika nyumbani Buterere nilifungua simu, barua ya msimamizi ilikuwa bado ipo juu, na nafasi tupu ya kujibia chini yake. Nilikaa mbele yake hadi chai yangu ikapoa. Nikaandika kwamba nimeuliza tena kila mahali, na kwamba, kwa bahati mbaya, sijui.